Ukaidi wa Punda

Wahenga walituachia msemo kwamba fadhila za punda ni mateke. Msemo huo umekaririwa hata ukawa hukumu, na aliyehukumiwa hajapata wa kumsemea. Sisi ambao kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiwalaza punda wetu na wa majirani katika zizi letu hapa Lamu, twaomba radhi kwa wazee wetu tukisema machache kwa niaba yake.

Asili ya punda ni punda-mwitu wa nchi kavu za Pembe ya Afrika, nchi ya mawe na majani haba. Farasi, jamaa yake, ni mnyama wa nyanda pana. Akiona hatari hukimbia kwanza pamoja na kundi lake. Punda hana haraka hiyo. Akilitilia shaka jambo husimama, huelekeza masikio, hulipima. Kijana anayemwongoza humwona amekaidi, naye huinua fimbo. Basi mnyama aliyesimama kwa kuhofia dimbwi asilolijua kina chake sasa anaumizwa kutoka nyuma, na kesho akifika pale pale atakuwa na sababu mbili za kusimama. Akipewa muda kidogo, au akitanguliziwa punda mzoefu, mara nyingi hupita mwenyewe. Na teke hilo mashuhuri aghalabu hutoka kwa punda aliyeshtuliwa kwa nyuma, au mwenye kidonda chini ya shogi. Kabla ya kupiga hulaza masikio, hutikisa mkia, huinua mguu kidogo. Onyo amelitoa, mpigwaji hakuliangalia.

Linalotuhangaisha zaidi ni ukimya wake. Katika hadithi aliyoipokea Abu Dawud tunasoma habari ya ngamia aliyemshtakia Mtume (S.A.W.) njaa na kuchoshwa na kazi. Punda huficha maumivu, kwani huko mwituni mnyama aonekanaye dhaifu ndiye anayewindwa. Hata akiwa mgonjwa sana, huenda dalili pekee ikawa kusimama kimya.

Mwaka juzi jirani mmoja alituletea punda jike tumlaze wakati yeye yuko safarini. Alikuwa nao wawili, waliobeba mchanga na mawe pamoja tangu wakiwa wadogo. Mmoja alikuwa amemuuza Matondoni ili apate nauli. Yule jike alifika mzima, kwato safi, macho maangavu. Siku ya kwanza alilia mchana kutwa hadi mtaa ukanung'unika. Siku ya pili akanyamaza, nasi hatukuupenda unyamavu ule. Alijitenga ukutani, kichwa chini, na majani tuliyomwekea hayakupungua. Mpita njia mmoja alitupongeza kwamba hatimaye ametulia.

Tulimwita daktari wa mifugo. Alitufafanulia kwamba punda asipokula, mwili huanza kuyeyusha akiba yake ya mafuta na kuyamimina katika damu. Yakizidi, ini na figo hulemewa, na mnyama aweza kufa kwa siku chache. Huzuni ya kutenganishwa na mwenzake yatosha kuyaanzisha hayo. Akampa dawa, kisha akauliza, "Mwenzake yuko wapi?"

Tukafunga safari ya Matondoni. Mnunuzi alitupokea kwa heshima, akatukaribisha kahawa, akasikiliza hadi mwisho. "Sheikh wangu," akasema, "mimi nilinunua punda. Huzuni ya yule mwingine sikuinunua." Kisheria hakukosea, na kazi ya boriti ilikuwa ikimsubiri. Tukamwomba atuazime siku tatu, nasi tumlipe ujira wa siku hizo. Alikubali kwa shingo upande, akaja naye mwenyewe ili ayaone hayo mambo.

Walipokutana hawakufanya shamrashamra. Walinusana puani, wakasimama wameelekeana, kila mmoja akimkwaruza mwenzake shingoni kwa meno. Kabla ya adhana ya Magharibi yule jike alikuwa akitafuna. Mnunuzi alikaa barazani muda mrefu bila neno.

Mwenyewe aliporudi walijadiliana bei kwa jioni mbili, nasi tukiwa katikati kama walii wa harusi. Mwishowe aliyenunua mmoja alimnunua na wa pili, kwa malipo ya mafungu, na wote wawili wakaenda Matondoni.

Zizini kwetu chakula ni majani makavu, kidogo kidogo mchana kutwa, maana tumbo la punda halikuumbwa kwa mlo mmoja mkubwa. Kwato huchokolewa kila jioni. Penye ugonjwa kuna kliniki ya punda, iliyofunguliwa hapa Lamu mwaka 1987 na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza. Na punda akifa, hatuuondoi mzoga mara moja. Twamwacha mwenzake aunuse na kuuzunguka mpaka aondoke mwenyewe. Wako wanaotucheka kwa hilo. Tumeona kwamba aliyeachiwa nafasi hiyo hurudi kwenye majani yake mapema zaidi kuliko yule anayeachwa akimwita mwenzake usiku kucha.