Donge la Manyoya

Tuliporudi kutoka Bukoba mwaka 1995 tukapanga nyumba Remera, upande wa Giporoso, paka kwetu alikuwa mwajiriwa. Kazi yake kuwinda panya waliotoboa gunia la maharage, ujira wake ugali wenye mchuzi wa dagaa. Alipoinama, akanyoosha shingo na kuanza kukoroma kooni, hakuna aliyeshtuka. Alitoka uani, akatafuna majani, kisha akatapika kitu chembamba, kirefu kama kidole, kimelowa: manyoya matupu. "Mwacheni, anajitibu," mama alisema. Siku akionekana mnyonge, alimpaka samli mguuni, naye akailamba yote, maana paka hakubali kukaa na uchafu.

Uani pale sasa ni mawe ya kupanga, ukuta hadi ukuta. Dada yangu naye anafuga paka wa manyoya marefu asiyetoka nje, na panya hamjui. Huyo ndiye aliyetufikisha kwa daktari wa mifugo, ambaye zamani tulidhani ni wa ng'ombe tu. Alitueleza kuwa ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea kooni. Unywele ukinasa hautemeki, humezwa. Na samli? Humeng'enywa kama chakula kingine, kwa hiyo haisukumi donge popote. Nadhani ilimtuliza mama kuliko paka. Jirani alikuwa ameshauri kummiminia mafuta kinywani. Daktari alikataa katakata, kwani yakipotea njia huingia mapafuni.

Majani nayo yana habari yake. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walitoa matokeo kutoka kwa wafugaji wa paka zaidi ya 1,000: wengi wa paka hao hula majani, lakini wanaotapika baada ya hapo ni wachache. Hata hivyo, dada ameotesha ngano kwenye kopo dirishani, na simlaumu.

Kinachosaidia kweli ni brashi. Kila jioni anamchana, na unywele unaotoka ungejaza mto mdogo. Huongeza kijiko cha boga la kuchemsha kwenye chakula, bila chumvi, na kamwe bila kitunguu, kwani huharibu damu ya paka.

Ukiona paka wako anajikamua bila kutoa kitu, amesusa chakula au hapati choo, acha dawa za jikoni, mpeleke kwa daktari siku hiyohiyo. Na akikohoa mara kwa mara pasipo donge, mwambie daktari pia: huenda ni pumu.