Potsdam kwa Mara ya Kwanza: Nchi Inayolipia Mapumziko ya Anayeuguza

Tuliondoka Unguja jioni, tukabadilisha ndege Addis Ababa usiku, na alfajiri tukawa Frankfurt. Kutoka hapo nilipanda treni ya mwendo kasi hadi Berlin, zaidi ya saa nne za mashamba yaliyokwisha kuvunwa na misitu iliyopukutika majani, kisha treni nyingine fupi hadi Potsdam. Ilikuwa Novemba, na sikuwahi kutoka nje ya Afrika Mashariki.

Kwetu wapo wanaoujua mji huu kwa jina, maana Potsdam na Jiji la Zanzibar ni miji dada tangu 2017. Mimi nilikuwa na udugu wa damu. Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ameolewa huko, na anamuuguza mama mkwe wake mwenye maradhi ya usahaulifu. Aliniambia kwenye simu: "Njoo mwezi wa kumi na moja, mdogo wangu. Bima itanipumzisha, tutapata wasaa wa kukaa." Sikuelewa bima humpumzishaje mtu.

Anakaa ghorofa ya tatu, katika majengo yaliyojengwa zama za Ujerumani Mashariki. Nilimkuta bibi jikoni, amevaa sweta, anakunja vitambaa vya mezani, anavikunjua, kisha anavikunja tena. Nilipomwamkia alinishika mkono akaniuliza kama mvua imeacha. Mpaka tunakwenda kulala alikuwa amelirudia swali hilo mara nyingi, na kila mara dada alimjibu kwa upole uleule: imeacha, Mama. Dada hulala sebuleni, kitanda kimesogezwa karibu na mlango, kwa sababu bibi huamka usiku wa manane, akavaa viatu, akataka kwenda kwenye nyumba aliyozaliwa.

Asubuhi tulimpeleka kwenye nyumba ya matunzo ya muda, ng'ambo ya mto Havel. Mwuguzi aliyetupokea hakuanza na karatasi za bima. Aliuliza bibi anapenda nini. Dada akampa kurasa mbili alizoziandika kwa mkono. Kahawa yenye maziwa saa kumi jioni. Taa ya pembeni isizimwe. Mguu wa kushoto humuuma akiamka. Akimtaja kaka yake, asiambiwe kwamba kaka amefariki. Aulizwe walikuwa wakicheza wapi. Kila nguo ndani ya begi ilikuwa imeshonewa kitambaa kidogo chenye jina lake. Mwuguzi alizisoma kurasa zote mbili palepale, akamwita bibi kwa jina la ukoo kama heshima ya huko inavyotaka, wakaongozana kwenda kutazama bustani. Dada alisimama kidogo kwenye korido akiwatazama, ndipo tukatoka.

Nilidhani tunakwenda kutembea. Tulikwenda kwa daktari wa meno. Jino lilikuwa likimsumbua tangu majira ya joto, na hakuwa na wa kumwachia bibi. Kesho yake alilala mpaka adhuhuri. Siku zilizofuata alikwenda kupimwa macho, alikata nywele, alipika pilau na akala akiwa amekaa kitini. Hiyo ndiyo likizo niliyoiona. Wanaosema kumpumzisha anayeuguza ni anasa hawajamwona mtu akisubiri miezi kadhaa kung'oa jino.

Usiku mmoja nilimwomba anieleze mpango wenyewe, naye akaleta faili nene mezani. Tangu tarehe 1 Januari 1995, Ujerumani ina bima ya matunzo, kando ya bima ya afya. Mchango wake sasa ni asilimia 3.6 ya mshahara, mwajiri na mfanyakazi wakichangia kwa pamoja, na wasio na watoto huongeza kidogo. Mtu akishindwa kujihudumia, mkaguzi huja nyumbani. Huangalia anavyotembea, anavyokumbuka, anavyokula na kuoga, anavyotumia dawa zake, kisha humpangia daraja, la 1 hadi la 5. Bibi yupo daraja la 3, kwa hiyo hupata euro 599 kwa mwezi, na familia huzitumia kumtunza nyumbani.

Kuanzia daraja la 2 kuna fungu jingine, na ndilo lililomfikisha dada kwa daktari wa meno. Tangu Julai 2025 fungu hilo hufikia euro 3,539 kwa mwaka. Hutumika kumlipa mtu au nyumba inayopokea zamu pale anayeuguza anapougua, anaposafiri au anapochoka tu. Kuchoka peke yake ni sababu inayotosha. Anaweza kupumzika hadi wiki 8 kwa mwaka, na nusu ya posho ya mwezi huendelea kuingia. Zaidi ya hapo, mtu anayeuguza nyumbani kwa saa 10 au zaidi kwa wiki, na ambaye ajira yake haizidi saa 30, bima humlipia michango ya pensheni ili naye asizeeke mikono mitupu.

Jumatano moja dada alinionyesha kalenda ukutani. Ilikuwa Siku ya Toba na Sala ya Waprotestanti, ambayo mpaka 1994 ilikuwa sikukuu ya mapumziko nchini kote. Bima ilipoanzishwa, waajiri walitaka wafidiwe mchango wao, na sikukuu hiyo ikafutwa katika majimbo yote isipokuwa Sachsen. Nilichungulia dirishani nikawaona watu wakiwahi tramu kwenda kazini. Karibu taifa zima lilitoa siku yake moja ya kupumzika, na sehemu ya kilichopatikana inawapumzisha wanaouguza. Katika yote niliyoyaona Ujerumani, hili ndilo lililonigusa zaidi.

Mpango huo una mapungufu. Fungu la matunzo halilipi chakula na malazi, hayo yanabaki kwa familia. Nafasi nazo ni haba: dada alianza kupiga simu tangu majira ya joto, nyumba moja baada ya nyingine, ndipo akapata kitanda cha Novemba. Mwishoni mwa 2023 nchi hiyo ilikuwa na watu karibu milioni 5.7 wanaohitaji matunzo, na zaidi ya wanne katika kila watano walitunzwa nyumbani. Fedha pasipo vitanda na wauguzi hubaki haki ya kwenye karatasi.

Ndani ya ndege ya kurudi mawazo yangu yalikuwa Makunduchi, kwa shangazi anayemuuguza bibi yetu aliyepooza. Watu hawamtupi. Huja na machungwa, humwombea mgonjwa dua, humwambia shangazi "pole kwa kuuguza", kisha huaga. Usiku unamkuta peke yake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na sisi tumeuona mwepesi kwa sababu hatujaubeba.

Zanzibar haianzi sifuri. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ilianza kumlipa kila mzee mwenye miaka 70 na kuendelea shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandisha hadi 50,000. Tuna makao ya wazee ya Sebleni na Welezo. Tumeshakubali, basi, kwamba mzee ni wa jamii nzima. Bado hatujakubali kwamba anayemuuguza naye ni mtu.

Ombi langu kwa wajumbe wa Baraza la Wawakilishi ni dogo na linatekelezeka. Masheha waorodheshe wanaouguza katika kila shehia. Vijana wachache wafundishwe na walipwe, wapokee zamu siku mbili tatu kwa mwezi katika nyumba zenye mgonjwa wa kitandani. Na vitengwe vitanda vichache vya kumpokea mgonjwa kwa muda, pale aliye naye anapozidiwa. Fungu hilo liandikwe kwenye bajeti kwa jina lake, lisiachiwe huruma ya majirani. Shangazi wa Makunduchi hahitaji kusifiwa kwa subira yake. Anahitaji mtu wa kumpokea.