Bei Nafuu, Nafuu ya Nani?

Katika lugha yetu neno nafuu ni neno la mgonjwa pia. Mtu aliyelala siku tatu kwa homa, akiamka na kuomba uji, husemwa kuwa amepata nafuu. Neno hilo hutumika sokoni pia, na bei nafuu ni ile inayompa mnunuzi ahueni. Nalikumbusha jambo hili kwa sababu tangu miaka ya 2010 nimelisoma neno hilo mara nyingi kwenye mabango ya nyumba na fleti za kuuza katika miji yetu midogo. Kila nikilisoma hujiuliza ni mgonjwa gani hasa aliyetibiwa kwa bei hizo.

Mji wetu wa Singida si mkubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 150,379 katika manispaa nzima. Tunayo maziwa yetu mawili, Singidani na Kindai, tunayo mawe yetu makubwa yaliyopangana kama yamewekwa na mikono ya majitu, na tunayo biashara yetu ya alizeti, vitunguu na kuku. Ukitoka kidogo nje ya mji utakuta ardhi tele. Kwa hiyo mgeni atokaye Dar es Salaam hudhani kwamba nyumba hapa hupatikana kwa bei ya kutupa. Akitajiwa bei ya nyumba mpya ya vyumba viwili hushangaa, na wenyeji tumeshashangaa kabla yake.

Wazee wetu, Wanyaturu na Wanyiramba, hawakununua nyumba. Walijenga tembe. Miti ilikatwa porini, udongo ulichimbwa hapo hapo, na majirani wakaalikwa kusaidia. Sisemi kwamba turudi kwenye tembe. Nimezaliwa ndani yake na najua moshi wake na mvua yake. Nasema tu kwamba nyumba ile ililipwa kwa jasho na kwa muda, vitu ambavyo maskini anavyo. Mtoto wa tembe alipopata mshahara na kuhamia mjini, aliibeba desturi hiyo. Mwaka huu hununua kiwanja, mwaka ujao hufyatua matofali, mwaka wa tatu humwaga msingi. Kuta zikifika kwenye linta hupumzika miaka miwili akisomesha watoto, kisha hutafuta mabati. Wataalamu huziita nyumba hizo magofu yasiyokamilika. Kwangu mimi ni benki ya mtu asiye na benki.

Serikali nayo haikukaa bure. Mara tu baada ya Uhuru, mwaka 1962, liliundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo, na majumba yaliyotwaliwa yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika. Ilikuwapo pia Benki ya Nyumba, iliyoanzishwa mwaka 1972 na kufa mwaka 1995. Benki ile ilipokufa, mtumishi wa kawaida alibaki hana mlango wa kugonga akitaka mkopo wa kujengea. Ndipo mwaka 2008 zikatungwa sheria mbili, moja ya kuwezesha mikopo ya nyumba na nyingine ya kumruhusu mtu kumiliki sehemu tu ya jengo, yaani fleti yake ndani ya ghorofa. Mpango wa Shirika wa kuanzia mwaka 2010 ulilenga nyumba 15,000 nchini, na nyumba zilizoitwa za gharama nafuu zikaanza kuonekana mikoani. Singida nasi tulipata zetu, kule Unyankumi.

Hebu sasa tufanye hesabu, maana ualimu haunitoki. Tuseme nyumba imemgharimu mjenzi shilingi milioni 40 pamoja na faida yake. Katika miaka ile Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 iliongezwa juu yake, ikafika milioni 47.2. Tuseme mnunuzi ana akiba ya milioni 7.2, ambayo kwa mwalimu ni akiba ya miaka mingi. Akiba yote imekwisha kulipa kodi tu, na nyumba yenyewe hajaigusa. Anakopa milioni 40. Ripoti za Benki Kuu za miaka ya karibuni zimekuwa zikitaja riba ya mikopo ya nyumba ya kati ya asilimia 15 na 19. Tuchukue 17, na muda wa miaka 15. Atalipa kiasi cha shilingi 615,600 kila mwezi. Miaka 15 ikiisha atakuwa amelipa zaidi ya milioni 110 kwa deni la milioni 40.

Ni nani awezaye? Katika miaka ya katikati ya 2010 mwalimu wa cheti alianza kazi kwa mshahara wa 419,000, na mwenye shahada kwa 716,000. Utaratibu wa utumishi unataka theluthi moja ya mshahara ibaki mkononi mwa mtumishi. Kwa hiyo hata huyo mwenye shahada hakuweza kukatwa zaidi ya 477,000 na ushee. Siku ya Mei Mosi mwaka 2025, sherehe za kitaifa zilifanyika hapa hapa Singida, katika uwanja wa Bombadia. Rais akatangaza kwamba kima cha chini kwa watumishi wa umma kitapanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Tulipiga makofi, na makofi yalistahili. Lakini hata mshahara huo mpya, ukitolewa wote bila kubakiza senti ya chumvi, hautoshi kulipa mwezi mmoja wa deni lile.

Mtu ataniambia kwamba mishahara hupanda kadiri mtu anavyotumikia. Ni kweli, lakini hapo ndipo penye kitendawili chenyewe. Mtumishi wa umma hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 60. Mwalimu mwenye miaka 28 ana miaka ya kutosha kulipa deni, ila hana mshahara wa kutosha. Akifika miaka 50 na mshahara umeanza kutosha, miaka ya kulipa imebaki kumi. Umri na mshahara havikutani. Si uvivu wake, wala si kwamba hajui kupanga maisha.

Hapana budi tuwatendee haki wajenzi pia. Hapa kwetu ardhi ni rahisi, lakini ardhi peke yake haijengi nyumba. Saruji hutoka viwandani Dar es Salaam, Tanga, Mbeya au Mtwara, na kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni kiasi cha kilomita 700. Nondo, vioo, mabomba na nyaya hupanda malori hayo hayo. Mara nyingi mjenzi hukabidhiwa pori, na hulazimika kuvuta maji, kusimika nguzo za umeme na kuchonga barabara kwa fedha yake mwenyewe, fedha ambayo naye ameikopa kwa riba. Yote hayo humfikia mnunuzi. Kwa hiyo bei ya mji mdogo huwa karibu na ya mji mkubwa, lakini kipato cha mji mdogo hubaki kidogo. Wala jambo hili si la Singida peke yake. Ethiopia walianza mwaka 2005 kujenga maghorofa mengi sana mjini Addis Ababa kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, wakayagawa kwa bahati nasibu. Wengi waliobahatika walishindwa kuyamudu malipo, wakazipangisha fleti zao kwa wenye uwezo na wao wakarudi kupanga kwingine.

Ghorofa ina jambo jingine ambalo halimo katika hesabu. Mstaafu wa mji mdogo haishi kwa pensheni pekee. Huishi kwa kuku wake kumi na watano, kwa matuta yake ya mchicha, na kwa chumba kimoja cha nje anachompangisha kijana wa bodaboda. Akifiwa, uani ndiko watu hutandika mikeka. Mpandishe ghorofa ya tatu, umempa sakafu nzuri ya vigae na umemnyang'anya yote hayo, kisha kila mwezi atachangia ulinzi, usafi na pampu ya maji. Katika jiji ambamo kiwanja hakipatikani, ghorofa ina maana. Katika mji uliozungukwa na ardhi tupu, ni halali kuuliza maana yake.

Mwaka 2023 alinijia mwalimu mmoja niliyemfundisha alipokuwa binti mdogo. Sasa alikuwa mjane wa miaka 57, bado yumo darasani katika shule ya msingi kijijini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Habari za huko?"

Alitoa karatasi mkobani, akainyoosha mezani. Ilikuwa ya bei ya fleti za muuzaji mmoja, na picha ya maua mlangoni. Akasema, "Mwalimu, nikistaafu narudisha funguo za nyumba ya shule. Miaka 30 nimekaa nyumba za shule. Sitaki kwenda kuwa mzigo kwa watoto."

Tukachukua penseli. Alianza kazi akitegemea kwamba nusu ya mafao yake atalipwa kwa mkupuo. Julai 2022 kikokotoo kipya kiliufanya mkupuo kuwa asilimia 33, na kiasi kinachobaki hulipwa kidogo kidogo kama pensheni ya mwezi. (Mwaka 2024 Serikali iliupandisha hadi asilimia 40 kwa kundi lake, lakini siku ile hatukulijua hilo.) Tulijumlisha mkupuo na akiba yake ya ushirika. Bei iliumeza mkupuo, ikaimeza akiba, na bado ilidai. Nikamuuliza, "Ukiugua wiki ya kwanza baada ya kupewa funguo, utajitibu kwa nini?"

Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Basi nitakuwa na mlango mzuri na sufuria tupu."

Alikwenda kutafuta kiwanja kilichopimwa. Alikipata kwa bei aliyoweza kuilipa kwa vipande, lakini kilikuwa mahali pasipo bomba wala barabara. Leo vyumba viwili vimeezekwa. Maji hununua kwa madumu, na mvua zikinyesha gari halifiki mlangoni.

Mama huyu ndiye aliyenifanya nitambue kwamba swali la bei ni nusu tu ya jambo. Mji mdogo humpa mtu wa kipato chake njia mbili: nyumba iliyokamilika asiyoweza kuinunua, au ardhi isiyo na chochote. Katikati hakuna kitu. Na hapo katikati ndipo tulipowahi kusimama kama taifa. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, Serikali iliendesha mradi wa viwanja na huduma. Ilipima viwanja, ikachonga barabara na kuvuta maji, kisha ikamwachia mwananchi ajenge mwenyewe kwa mwendo wake. Sinza na Kijitonyama za Dar es Salaam zilizaliwa hivyo, na mradi ukafika Mbeya na Mwanza, kisha miji mingine. Mwaka 2021 ulichapishwa uchunguzi wa wachumi waliolinganisha maeneo hayo na mengine ya miji hiyo hiyo. Waligundua kwamba baada ya miongo kadhaa, maeneo yaliyopangwa tangu mwanzo kwenye ardhi tupu yalikuwa na nyumba bora na kubwa zaidi, zilizopangika vizuri. Nyumba hizo hazikujengwa na Serikali. Serikali ilitangulia tu kuweka barabara na bomba.

Somo hilo linaufaa mji kama wetu kuliko linavyolifaa jiji. Ardhi tunayo, na watu wenye desturi ya kujenga kidogo kidogo tunao. Kinachokosekana ni kile ambacho mtu mmoja mmoja hawezi kukifanya hata akidunduliza miaka 30: barabara, bomba na nguzo ya umeme, viwekwe kabla ya nyumba, na gharama yake irudishwe taratibu katika bei ya kiwanja. Fedha inayozama katika jengo moja la fleti ishirini ingeweza kufungua mtaa mzima, na mtaa huo ungejengwa kwa fedha za wenyewe, tofali kwa tofali.

Sina ugomvi na anayejenga maghorofa Singida. Wenye uwezo nao wanahitaji pa kulala, na mji hupendeza. Ninachoomba ni mambo mawili. La kwanza, tuache kuita nafuu kitu ambacho mwalimu, nesi na karani hawakiwezi. Tukiite kwa jina lake, nyumba ya mwenye uwezo, ili wakubwa wasije wakadhani kwamba mahitaji ya mdogo yamekwisha kutimizwa. La pili, kila bajeti ya mji inapopitishwa, tuulize limechimbwa bomba la urefu gani na vimepimwa viwanja vingapi vyenye barabara. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayotuambia kama mwalimu wa kijijini, siku anaporudisha funguo za nyumba ya shule, ana mahali pa kwenda.