Usiku katika Ufuko wa Mweru: Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Jua la Nchelenge huzama majini. Mji huo umekaa kwenye ufuko wa mashariki wa Ziwa Mweru, katika Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, na ng'ambo ya maji ni nchi ya Kongo. Jioni, wenye maduka wanapofunga milango, wavuvi ndio kwanza huteremka mwaloni na taa zao. Saa mbili za usiku zikifika, mgeni atazamapo ziwani huona mwanga huku na mwanga kule hata akadhani kuna mji mwingine uliojengwa juu ya maji.

Taa hizo ni za kuvulia chisense, samaki wadogo wanaofanana na dagaa wa Kigoma. Chisense hufuata mwanga. Zamani wavuvi walitumia karabai za mafuta ya taa. Siku hizi taa za betri zimeenea. Usiku wa giza ndio usiku wa kazi, kwa maana mbalamwezi hufifisha nguvu ya taa na samaki hutawanyika. Kwa hiyo anayetaka kujua starehe za Nchelenge hana budi kwanza kuutazama mwezi. Giza likitanda, wanaume wengi huwa majini. Mwezi ukiwa mpevu, huwa nchi kavu, na ngoma husikika zaidi.

Ziwa lenyewe si dogo. Urefu wake unapata kilomita 131, na upana kilomita 56 hivi. Mto Luapula huingia kwa upande wa kusini, Mto Kalungwishi kwa upande wa mashariki, nayo maji hutoka kaskazini karibu na Pweto kwa jina la Luvua, yakaenda kuungana na Mto Kongo. Kina chake si kikubwa, na ndiyo sababu upepo ukivuma mawimbi huinuka kwa ghafula.

Mgeni anayesema Kiswahili hafiki hapo kama mtu wa kwanza wa lugha yake. Katikati ya karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani na Unyamwezi ilikuwa imekwisha fika kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa Luapula. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, alipigana na Nsama wa Itabwa katika nchi iliyo kati ya Mweru na Tanganyika, na habari hizo akazieleza mwenyewe kwa Kiswahili katika kitabu cha maisha yake. Livingstone alipolifikia ziwa hilo Novemba 1867, na kisha kufika kwa Kazembe, alimkuta huko Muhammad bin Salih, mfanyabiashara aliyekuwa amekaa miaka mingi bila ruhusa ya kuondoka. Naye Msiri, aliyejenga ufalme wake Bunkeya magharibi ya Luapula, asili yake ilikuwa Unyamwezi. Hata kisiwa kikubwa cha upande wa kusini wa ziwa huitwa Kilwa, na mtu wa pwani alisikiapo jina hilo hujiona yuko kwao.

Leo lugha ya mji ni Kibemba, lakini Kiswahili cha Katanga huvuka maji pamoja na wafanyabiashara wa Kongo. Mgeni akijifunza maneno machache atapokewa vizuri. "Mwapoleni" ni salamu ya heshima. "Mulishani" ni kuuliza hali. Na "natotela sana" ni shukrani, ambayo nusu yake Mswahili anaijua tangu utotoni.

Muziki na chakula

Nchelenge na Kashikishi ni miji miwili iliyoungana kiasi kwamba mgeni hajui ameivuka saa ngapi. Asitazamie majumba ya sinema wala taa za rangi za miji mikubwa. Starehe ya hapo ni ya baa na vilabu, soko la jioni, na mazungumzo ya mwaloni.

Luapula ni nyumbani kwa kalindula, muziki uliopewa jina la ala ya besi ya kienyeji yenye kutoa sauti nzito. Pamoja nayo hupigwa magitaa ambayo vijana wa vijijini huyatengeneza kwa mikono yao. Muziki huo ulipata nguvu katika miaka ya 1970, Rais Kenneth Kaunda alipoagiza kwamba sehemu kubwa kabisa ya nyimbo za redio, asilimia 95, ziwe za Zambia. Magharibi ya ziwa ndiko alikotoka Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa ukoo wa Msiri, ambaye nyimbo zake za Kiswahili zilisikika Afrika Mashariki yote. Kwa hiyo Mweru ni mahali ambapo magitaa ya Zambia na ya Kongo husikilizana.

Chakula cha jioni ni ubwali, yaani ugali, ambao Luapula hupikwa zaidi kwa unga wa muhogo, kwa samaki aitwaye pale, wa jamii ya perege, au chisense, na kisamvu kiitwacho katapa. Asiyekunywa pombe aulize munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi kinachotiwa mizizi ya mti wa jina hilo. Munkoyo ukilala siku kadhaa huanza kuchachuka, hivyo ni vema kuuliza umepikwa lini.

Mwenye kutaka kuona sherehe kubwa kuliko zote na apange safari yake mwishoni mwa Julai. Wakati huo, huko Mwansabombwe, kusini mwa Nchelenge katika njia ya kutoka Mansa, hufanyika Mutomboko, ngoma ya ushindi ya Walunda. Mwata Kazembe mwenyewe hucheza mbele ya watu akiwa na shoka na upanga. Siku hizo vyumba vya kulala hujaa, na asiyeweka nafasi mapema hulala garini.

Fedha ya mvuvi na fedha ya mgeni

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo askari na familia yake wapaswa kulifikiri kabla ya kufunga mizigo. Mtu anayekwenda likizo huwa na mshahara mfukoni, nayo fedha ya mgeni ina nguvu ya kugeuza mji. Mfano uko mbali, Asia ya Kusini-Mashariki. Pattaya, katika nchi ya Thailand, ilikuwa kijiji cha wavuvi. Wakati wa Vita vya Vietnam askari wa Marekani walipelekwa nchini humo kupumzika, na kijiji kile kikawa mji wa baa, ambao jina lake duniani likafungamana na biashara ya miili ya wanawake. Vita vilikwisha mwaka 1975. Biashara ile haikwisha.

Mweru si Pattaya, na wenyeji wake hawataki iwe. Lakini mtego upo katika kila mji wa wavuvi. Mvuvi hulipwa alfajiri, fedha taslimu, akiwa amechoka na amelowa. Na kilabu kiko karibu na mwalo kuliko nyumba yake. Fedha ya usiku mmoja yaweza kwisha kabla ya jua kupanda, huku nyumbani wakingoja unga na ada ya shule. Katika maziwa mengi ya Afrika wachuuzi wanawake wameshurutishwa kuutoa mwili ndipo wauziwe samaki, na UKIMWI umepita kwa njia hiyo hiyo hadi vijijini. Mgeni anayemwaga fedha baa na kuwanywesha watu hadi asubuhi hujiita mkarimu, lakini mke wa mvuvi hana jina hilo kwake.

Ukarimu ulio bora ni kununua kwa mwenye kazi. Chakula kinunuliwe kwa mama wa sokoni, samaki kwa mchuuzi wa mwaloni, na wapigaji muziki wapewe haki yao mkononi. Fedha ikipita njia hiyo hufika jikoni.

Miezi ambayo taa huzimwa

Kila mwaka, kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, uvuvi Mweru hufungwa kwa sheria ili samaki wazaliane. Sababu yake wazee wa Luapula wanaijua. Zamani palikuwa na samaki aitwaye mpumbu, aliyepanda Mto Luapula kwa makundi makubwa kutaga mayai wakati wa mvua. Wavuvi walimtegea nyavu njiani, akiwa na mayai tumboni, ili kulisha masoko ya migodi ya Katanga na ya Zambia. Ilipofika katikati ya karne ya 20 makundi yale yalikuwa yamekwisha, na hayajarudi kama yalivyokuwa.

Kwa hiyo mgeni anayefika Januari akadai samaki wabichi kwa bei yoyote humwita mvuvi avunje sheria. Naye polisi au askari aliye likizo ndiye angekuwa wa kwanza kuelewa: sheria inayolinda chakula cha kesho hailindwi na mwenye sare peke yake, bali pia na mnunuzi.

Amani ya ziwa hilo nayo ni ya kuheshimiwa. Mwaka 2017 maelfu ya watu walikimbia mapigano upande wa Kongo wakaingia Zambia. Walipokewa kwanza Kenani, na mwaka 2018 makazi ya Mantapala yakafunguliwa katika Wilaya ya Nchelenge. Anayesikia gitaa jioni na akumbuke kwamba kwa jirani yake wa meza ya pili huenda usiku wa kimya ulikuwa, kwa muda mrefu, usiku wa hofu.

Maagizo ya msafiri

Njia. Kutoka Tanzania, reli ya TAZARA, ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi, hupita Kasama. Lakini msafiri aulize kwanza kama treni ya abiria inatembea, na kama haitembei apite Tunduma kwa basi. Kutoka Kasama barabara huelekea magharibi kupitia Luwingu hadi Mansa, kisha kaskazini kupitia Mwense na Mwansabombwe hadi Kashikishi. Anayetoka miji ya migodi ya shaba hupita kipande cha ardhi ya Kongo na kuvuka Luapula kwa daraja la Chembe, lililofunguliwa mwaka 2008. Basi awe na hati za nchi zote mbili.

Majira. Mei hadi Agosti ni kukavu na kuna ubaridi. Septemba na Oktoba ni joto. Mvua huanza Novemba hadi Aprili. Saa za Zambia ziko nyuma ya za Afrika Mashariki kwa saa moja, na wengi wamekosa basi, au wamelingojea sana, kwa kusahau hilo.

Hati. Pasi na cheti cha chanjo ya homa ya manjano viwe mkononi. Askari aache magwanda nyumbani, asipige picha vituo vya mpakani, wala asipande mtumbwi kuelekea ng'ambo kwa matembezi tu. Katikati ya ziwa kuna mpaka hata kama hauonekani.

Afya. Nchelenge ina malaria nyingi mwaka mzima. Chandarua chenye dawa ni mzigo wa lazima kuliko kiatu cha pili, na familia yenye watoto au mama mjamzito ipate kwanza shauri la daktari. Maji ya kunywa yachemshwe, kwa kuwa kipindupindu kimewahi kuzuka ufukoni humo. Na watoto wasiogelee penye matete, kwa hofu ya kichocho na mamba.

Majini. Kwenda visiwa vya Kilwa au Isokwe ni asubuhi, kabla ya upepo. Chombo kilichojaa kiachwe kiende. Asiyepewa jaketi la kuelea asione haya kushuka. Aliyekunywa na abaki nchi kavu.

Kwa mama wa nyumbani. Chisense wazuri ni wakavu, wenye kung'aa, wasio na harufu ya uvundo. Walioanikwa mchangani huwa na chenga. Waoshwe kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu, wachujwe, wakaangwe kidogo, ndipo watiwe nyanya na vitunguu. Mfuko uhifadhiwe mahali pakavu na kuanikwa juani mara kwa mara. Mwenye kuvuka mpaka na mzigo aulize kibali kwanza katika ofisi ya uvuvi.

Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Hawakusema mgeni aje ili yeye mwenyewe apone. Usiku wa Mweru una raha yake, nayo haina gharama kubwa: sahani ya pale, gitaa la kalindula, na safu ya taa juu ya maji. Kila taa ina watu chini yake wanaovuta wavu, na nyuma yao ufukoni kuna nyumba inayowangoja. Anayelijua hilo atajiburudisha vyema, na atakaporudi mwaka wa pili mlango utakuwa wazi.