Muswada Ukirudi, Anika Tena

Kuna adhabu moja ambayo mwandishi chipukizi huipata bila kutenda kosa lolote. Anaandika usiku, anachapa kwa fedha za kuungaunga, anatuma, kisha anasubiri. Jibu likija linasema: samahani, hatutaweza kuichapisha kazi yako. Basi. Mistari miwili, na miaka miwili ya kalamu inaishia hapo.

Mimi nimekataliwa mara nne. Riwaya yangu inahusu kijana wa Ruangwa anayefanya kangomba, yaani ule ununuzi wa korosho nje ya utaratibu, kwa bei ya kutupa, mkulima akiwa na shida. Niliiandika hapa Nachingwea ninakoishi, nikaipeleka steshenari ikapigwa kompyuta, kurasa 212. Fedha ilitoka kwa mjomba wangu wa Ruangwa, baada ya kuuza korosho zake. Kwa hiyo kila "samahani" iliyokuja haikuwa ya kwangu peke yangu. Palikuwa na mtu wa kumweleza, na mtu huyo ana watoto wa kusomesha.

Wenzetu wa London na New York wana mawakala. Wakala akiupenda muswada anaupeleka kwa wachapishaji, na fedha ikipatikana anakata sehemu yake, kwa kawaida asilimia 15. Hapa kwetu mwandishi wa Kiswahili hubisha hodi mwenyewe, na mlango ukifungwa, unafungwa usoni pake. Ndiyo maana ni vizuri tujifunze kuyasoma majibu, maana si yote yanasema kitu kimoja.

Jibu la kwanza lilisema riwaya haina soko. Lilinichoma. Lakini nikakaa nikapiga hesabu. Mchapishaji analipa mhariri, karatasi, mtambo na usafiri kabla hajauza hata nakala moja. Wanunuzi wake wakubwa ni shule, na riwaya isiyosomwa darasani inaweza kulala ghalani miaka mingi. Bwana yule hakusema sijui kuandika. Alisema hana ubavu wa kuubeba mzigo wangu. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kijana asipoyatenganisha atavunja kalamu bure.

Jibu la pili lilikuwa kimya. Mwaka mmoja na miezi minne, kimya tu! Siku hizi nimejiwekea miezi sita. Ikipita bila neno naandika barua fupi ya kuulizia, kisha nautuma muswada kwingine. Hakuna sheria inayomtaka mtu aote mizizi mlangoni kwa watu.

La tatu lilikuja na maneno matamu. Eti kazi yangu ni ya kiwango cha juu, nitoe tu milioni tatu za kuichapisha. Nilimpigia simu mjomba. Akacheka sana, akasema, "Hiyo si ndiyo kangomba yenyewe, mjomba? Kakuona una shida, anakupangia bei." Sisemi kwamba kujichapishia ni kubaya. Marehemu Ben Mtobwa alianzisha kampuni yake mwenyewe, Heko, na riwaya zake zikatoka humo na kusomwa nchi nzima. Lakini yeye alikuwa mwenye duka. Mimi ningelipa, halafu niachiwe maboksi chini ya kitanda.

Jibu la nne ndilo lililonitesa zaidi, maana mhariri alikuwa ameusoma muswada wote. Alisema mambo mawili. Kwanza, sura ya tatu inachelewesha hadithi. Pili, niyaondoe maneno ya huku kwetu kama "uraka", ile pombe ya mabibo, kwa kuwa msomaji wa mbali hatayaelewa. Nilikaa na karatasi ile wiki nzima bila kumwambia mtu. Nilijiuliza kama niache, nitafute kazi nyingine ya kufanya jioni.

Wiki hiyohiyo nilikwenda Ruangwa kumsaidia mjomba kupeleka gunia kwenye ghala la chama cha msingi. Mbele yetu kulikuwa na mzee ambaye korosho zake zilikataliwa, unyevu umezidi. Hakugombana na mtu wala hakuzimwaga. Alizipakia tena kwenye baiskeli. Nikamwuliza, "Sasa mzee, unafanyaje?" Akanitazama kama vile nimeuliza swali la kitoto. "Naanika tena, mwanangu. Korosho si ndizo hizihizi?"

Niliporudi nyumbani nilifungua sura ya tatu, nikaianika. Kurasa 19 zikawa 8. Lakini "uraka" nimeubakiza. Mtu wa Ruangwa akinywa "kinywaji cha kienyeji" ndani ya riwaya, huyo si mtu wa Ruangwa tena. Kukataliwa hakumnyang'anyi mwandishi haki ya kuchagua ushauri upi aushike na upi auache kwa heshima.

Nikizidiwa namkumbuka Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Haikupata mchapishaji, kwa kuwa wasomaji wa lugha hiyo walikuwa wachache. Je, alikaa akalia? La hasha. Aliitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, naye ni mzee tayari, na Tanzania Publishing House ikaitoa mwaka 1980 kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Ni miaka 35. Alifariki mwaka 1981, kabla nakala hazijamfikia mkononi. Sikupi habari hii ili kukufariji, kwa kuwa haina faraja nyingi. Nakupa ili ujue kwamba riwaya ile leo ni fahari ya fasihi yetu, na haikuongezeka thamani siku ilipochapwa. Thamani ilikuwamo tangu ikiwa sandukuni.

Na sisi wa Nachingwea tusishangae sana kushindwa. Waingereza walikuja hapa na matrekta kulima karanga, wakajenga mpaka reli, na mwaka 1951 mradi ukafa. Reli yenyewe iling'olewa. Watu walibaki, wakapanda mikorosho.

Basi ndugu yangu mwenye muswada kwenye begi, fanya haya. Weka nakala moja nyumbani daima. Muswada ukirudi, usijibu kwa hasira siku hiyo. Tafuta wawili watatu wa kukusomea, wasiokuogopa. Zijaribu na tuzo pia: ipo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu, iliyoanzishwa mwaka 2022. Huko nako utakataliwa, lakini walau utakuwa na tarehe ya kumaliza kazi.

Wangu umeondoka na basi la Dar wiki iliyopita, kwa mchapishaji wa tano. Mjomba aliuliza safari hii watajibu lini. Nikamwambia miezi sita. Akasema, "Aa, huo si mbali. Msimu nao utakuwa umefika." Mimi nimeshaanza riwaya ya pili, nipo ukurasa wa 31.