RUVU, NILIKOJIFUNZA KUINYIMA PILIPILI MAJI

Msomaji wangu, wiki hii sikukaa kijiweni. Nilipanda basi kwenda kuokoa pesa yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Mdogo wangu wa kiume, baada ya kumaliza kidato cha nne na kusota mjini miaka miwili, alinijia na daftari lililojaa hesabu. Ati analima pilipili mbuzi Mlandizi, karibu na Mto Ruvu, na baada ya miezi michache sote tutakuwa matajiri. Nikampa laki nne, pesa niliyokuwa nikiidunduliza ya kununulia cherehani. Juzi akanipigia simu, sauti ya unyonge: "Dada, mipilipili inanyauka. Maji ya keni hayatoshi. Niongezee laki mbili ninunue pampu."

Laki mbili! Nikamwambia tulia hapo hapo, nakuja mwenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine lililonikera. Mama yetu anauza mihogo ya kukaanga jioni. Wiki iliyopita dogo alimletea sado la pilipili za mwanzo. Jamani, zilikuwa nono, zinang'aa kama za kwenye kalenda! Mama akatengeneza chachandu kwa fahari zote. Mteja wake wa siku nyingi akachovya, akatafuna, akatulia, kisha akauliza: "Mama, leo umetuwekea nyanya?" Watu wakacheka. Mama hakucheka.

Basi Jumamosi asubuhi nikapandia Mbezi. Barabara ya Morogoro mnaijua, malori kama siafu. Tukapita Kibaha Maili Moja, tukapita Visiga, hatimaye Mlandizi. Pale nikachukua bodaboda kuteremka bondeni. Wewe wa mjini unayeringa na bomba lako usiudharau mto huu. Maji ya mtambo wa Ruvu Juu, uliopo hapo hapo Mlandizi, ndiyo yanayokuja hadi Dar. Unayeoga Kimara leo, huenda umeoga Ruvu.

Nilipofika shambani, hatua ya kwanza tu kiatu kikabaki kwenye tope. Saa sita mchana, jua kali, dogo yupo na keni mbili mikononi anamwaga maji. Majani ya mipilipili yamekuwa ya njano, yamelegea kama nguo mbichi kwenye kamba. Maua yamepukutika chini. Akaniambia, "Unaona dada? Zina kiu."

Nikamuuliza anamwagilia mara ngapi. Akasema asubuhi na jioni, na siku za jua kali anaongeza mchana. Hajakosa hata siku moja. Kwa bidii kijana huyu anastahili medali.

Jirani yake, mzee mmoja mwenye shamba juu kidogo ya bonde, alikuwa anatutazama. Nikamwamkia shikamoo. "Marahaba mjukuu wangu," akajibu, akasogea. "Huyu kijana ana bidii. Bidii yake ndiyo inayoua."

Akashika mpilipili mmoja, akaung'oa. Mizizi badala ya kuwa meupe na migumu, ilikuwa ya kahawia, laini, na ina harufu ya uvundo. Hapo ndipo nilipopata somo ambalo sikulipata darasani. Mizizi inapumua. Katikati ya chembe za udongo kuna vinafasi vyenye hewa. Ukimwaga maji bila kupumzika, hasa kwenye udongo mzito wa mfinyanzi kama huu wa bondeni, vinafasi vyote vinajaa maji na hewa inatoka. Mizizi inakosa pumzi, inaanza kufa, na vimelea vya kuozesha vinaingia. Mizizi iliyokufa hainywi. Kwa hiyo mmea unanyauka huku umesimama ndani ya maji, na wewe ukiuona umenyauka unaongeza maji. Mdogo wangu alikuwa anamzamisha mtu huku akimpa glasi ya maji!

Mzee akatupeleka kwake. Mipilipili yake ilikuwa mifupi kuliko ya dogo, lakini imesimama wima, imebeba. Kipimo chake ni kidole. Anakichomeka ardhini hadi kiungo cha pili. Kikitoka na unyevu, hamwagilii. Kikitoka kikavu, anamwagilia asubuhi, kwenye shina, na kwa wingi ili maji yashuke chini, halafu anaacha siku kadhaa. Hamwagi juu ya majani jioni, kwa sababu majani yakilala na maji, magonjwa ya ukungu hupata sherehe. Ametandaza nyasi kavu chini ya miche ili jua lisikaushe udongo upesi. Na mmea ukilegea saa saba mchana haendi mbio na keni. Anasubiri jioni. Ukiinuka wenyewe, haukuwa na kiu, ulikuwa unakwepa jua.

Sasa yale makali yaliyopotea kwenye chachandu ya mama. Mzee akanipa pilipili tatu: moja ya dogo, moja yake, na moja ya kwenye kona ya shamba lake ambako maji hayafiki vizuri. Nikaonja kwa mpangilio huo, mjinga mimi. Ya dogo ilikuwa maji matupu na kiwasho cha mbali. Ya mzee ilinitoa jasho la paji la uso. Ya kwenye kona ilikuwa ndogo kama kifungo cha shati, na sitaieleza kwa sababu gazeti hili linasomwa na watoto. Nikaomba maji, mzee akanizuia. Kinachowasha hakiyeyuki kwenye maji, tafuta maziwa.

Kitu hicho kinaitwa kapsaisini. Wengi tunadhani kipo kwenye mbegu, kumbe kinatengenezwa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu. Aina nyingi za pilipili zikibanwa kidogo na ukame huongeza kapsaisini, ingawa si kila aina inajibu vilevile. Ukizinywesha kupita kiasi, tunda linavimba na ladha inazimuka. Lakini msikimbilie kuzitesa kwa kiu. Mmea wa kwenye kona ulikuwa na matunda manne tu, na huwezi kumlisha mtu kwa ukali. Wakati wa maua na wa kufunga matunda, mpilipili unataka maji ya kiasi na ya mpangilio. Ukiukausha sana, maua yanaanguka. Ukiukausha kisha ukaugharikisha, tunda linaweza kuoza kitako.

Na lishe je? Pilipili si kiwasho tu. Gramu 100 za pilipili nyekundu mbichi zina vitamini C takriban miligramu 140, wakati chungwa lina kama 50. Mwanasayansi wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1937, alipata vitamini C kwa wingi kutoka kwenye pilipili za kwao. Ila vitamini haiji kwa keni. Mmea wenye mizizi iliyooza hauwezi kufyonza chakula cha kutosha kutoka ardhini, na ukivuna mbichi kwa haraka ya pesa unakosa mengi, kwa kuwa pilipili iliyoiva kuwa nyekundu ina vitamini C zaidi, pamoja na vile vya rangi ambavyo mwili unavigeuza kuwa vitamini A. Dogo alikuwa anachuma kijani.

Jioni ile hatukununua pampu. Tulikodi jembe. Tukachimba mfereji wa kutoa maji, tukainua matuta, tukang'oa miche iliyooza na kuichoma. Tulipohesabu, karibu nusu ya shamba ilikuwa imekwenda. Dogo alikaa kwenye keni lake lililopinduliwa, akasema taratibu, "Dada, mimi nilidhani nikizipenda sana zitakua." Sikuwa na la kumjibu. Nikamshika bega.

Laki nne yangu haijarudi, na cherehani bado naiangalia dirishani kwa fundi. Lakini juzi limeingia nyumbani nusu sado la pilipili ndogo ndogo, nyekundu, zisizopendeza kwenye picha. Mama akatengeneza chachandu. Yule mteja wa nyanya akachovya, akatafuna, akanyamaza. Macho yakaanza kumtoka machozi.

Safari hii mama alicheka.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.