Picha ya Tatu

Nilipoingia kazi ya kupiga picha za eksirei katika hospitali moja ya mwambao, mwaka 1978, ini lilikuwa kwetu chumba kilichofungwa: tabibu alilipapasa chini ya mbavu za kulia na kulipima kwa upana wa vidole vyake, na picha yangu, hata ikitoka safi namna gani, haikumzidishia ila kivuli kimoja cheupe na kiwambo cha kifua kilichosukumwa juu, dalili ambayo jipu la amiba na saratani huishiriki bila ya kuoneana haya.

Siku hizo alipasuliwa mvuvi mmoja mtu mzima, ambaye homa na kukonda kwake kulikuwa kumewatia watu wote yakini kuwa ana saratani. Likakatwa fungu zima la ini, na majibu ya maabara yaliporudi baada ya wiki tatu, hapakuonekana chembe hata moja ya saratani, bali nyuzi za kovu na zile chembe ambazo mwili huzituma kupigana na maradhi.

"Mwanangu, basi nimepasuliwa bure?" aliniuliza, nami nikajishughulisha na kupanga bahasha zangu.

Mashine ya siti (CT), inayoupiga mwili picha vipande vipande, aliyoibuni Godfrey Hounsfield na ambayo mgonjwa wa kwanza alipigwa picha nayo mjini London mwaka 1971, ilitukawilia mno. Na nikiwaambia vijana kuwa Allan Cormack, aliyegawana naye Tuzo ya Nobel mwaka 1979, alianzia hesabu zake Cape Town, katika bara letu hili, hudhani nawafanyia mzaha. Mashine hiyo ilipofika, nilistaajabia uzuri wa vile vipande, ini limekatwa kama boflo pasina kisu. Lakini uzuri huo, nakiri, haukutupa elimu kubwa, kwani uvimbe ulionekana doa la kiza tu, wa kheri na wa shari kwa sura moja.

Elimu ililetwa na dawa ya iodini pamoja na saa ya ukutani. Dawa ikitiwa mshipani, picha ya kwanza hupigwa baada ya takriban sekunde 30, ya pili baada ya sekunde 70, na ya tatu baada ya dakika kadhaa, wakati mgonjwa amekwisha kuchoka kuzuia pumzi na mpiga picha mvivu angependa kumwambia ashuke. Saratani iliyozaliwa ndani ya ini lenyewe aghalabu hunywa damu ya ateri, ikang'aa upesi na kufifia upesi. Ilhali ule uvimbe usio saratani, kama wa yule mvuvi, maadam una nyuzi za kovu ndani yake, mara nyingi huchelewa kung'aa, na huishikilia dawa hata ini lililouzunguka likiwa limekwisha kuiachia. Wala hiyo si hukumu ya mwisho, kwani saratani ya mirija ya nyongo nayo ina ukaidi huo huo. Kwa hiyo sindano nyembamba, ikiongozwa na picha, ilitangulia kuchukua kipande kidogo, na kisu kikangoja.

Mwaka 2004 aliletwa mama mmoja mwenye uvimbe wa sentimita 6, aliyekwisha kuambiwa kwingine kuwa ni saratani. Picha ya tatu ilitutia shaka na hukumu hiyo, na sindano ikaithibitisha shaka yetu. Akapewa dawa za kuua vijidudu, akarudi kwao. Baada ya miezi sita nilimpiga picha tena, nikakuta kovu la sentimita 1.